Anayenunua Kiwanda Ananunua Nini?

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Chake Chake, Pemba. Tunayachapa kama yalivyosemwa. Tumepunguza salamu tu.)



Tulipotangaza ya kuwa leo tutazungumza khabari za viwanda vinavyofungwa baada ya kuuzwa, mzee wetu mmoja alitusimamisha mlangoni akatuuliza: "Nyinyi vijana, Pemba ina viwanda vingapi hata mtukalishe mchana kutwa kwa ajili ya viwanda?" Swali hilo ni la haki, nasi hatukulikasirikia. Viwanda vya Pemba havihitaji karani wa kuvihesabu, na kile anachokijua kila mtu ni kile cha makonyo cha Wawi. Lakini mwenye ng'ombe kumi akiibiwa mmoja hulalamika, akenda zake kukamua tisa waliobaki. Mwenye ng'ombe mmoja akiibiwa huyo, watoto hulala bila ya maziwa. Ndiyo maana tukaona sisi tuzungumze, tena mapema.

Tuanze na jambo ambalo hapana Mpemba asiyelijua. Mtu ana shamba lake la mikarafuu, amepatikana na shida, ya harusi au ya maradhi au ya ada ya skuli. Anakuja mkodi, anampa fedha mkononi, naye anapewa mavuno ya msimu ule. Wakodi wema wapo, na wengine wamekaa hapa mbele yetu. Lakini nyote mmekwisha kuliona shamba lililotoka katika mikono ya mkodi asiyejali: matawi yamevunjwa ili karafuu zifikiwe upesi, mkarafuu umebaki kama mwavuli uliochanika, na mwenyewe anakaa miaka akingojea uchipue tena. Watu husema mkodi yule ni mjinga. Sisi twasema si mjinga hata kidogo, na hesabu yake imetimia barabara. Yeye hakukodi mkarafuu, alikodi karafuu za mwaka ule. Mkarafuu wa mwaka wa kesho si wake.

Basi tutakayoyasema leo ni hayo hayo, illa pahala pa mkarafuu wekeni kiwanda.

Katika makabati ya mama zetu mna bakuli za kioo ambazo hutolewa siku ya mgeni tu, nazo zinaitwa Pyrex. Jina hilo lilianza Marekani mwaka 1915, likitoka katika kampuni ya vioo iitwayo Corning. Katika jimbo la Pennsylvania upo mji mdogo kando ya mto, jina lake Charleroi, na katika mji huo kilikuwapo kiwanda cha vioo kilichofanya kazi zaidi ya miaka 130. Babu alifanya kazi humo, na mwana, na mjukuu. Bakuli za Pyrex zilikuwa zikitoka humo.

Mwaka 1998 Corning waliuza kazi yao ya vyombo vya nyumbani. Walionunua walikuwa chini ya kampuni ya uwekezaji inayoitwa KKR. Tufahamiane hapa, kwani neno hili "uwekezaji" hivi sasa linatiwa katika kila hotuba kama chumvi. Kampuni ya namna hii haifui chuma wala haiyeyushi kioo. Kazi yake ni kukusanya fedha za watu, na kukopa nyengine juu yake, ikanunua kampuni ya watu wengine, ikakaa nayo miaka michache, kisha ikaiuza kwa bei kubwa zaidi. Bidhaa yake ni kiwanda chenyewe.

Tokea hapo bakuli zile zilipita mikono mingi. Mwaka 2017 zikaingia katika mkono wa kampuni nyengine ya uwekezaji, Cornell Capital. Mwaka 2021, wakati watu wa Marekani walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa maradhi ya korona na vyombo vya jikoni vikiuzika sana, kampuni iliyomiliki kiwanda, ambayo wakati huo iliitwa Instant Brands, ilikopa dola milioni 450. Katika fedha hizo, dola milioni 245 hazikwenda kununua tanuri jipya wala kulipa mishahara. Zilikwenda kwa wenye kampuni kuwa ni gawio lao. Deni likabaki kwa kampuni. Watu walipofunguliwa milango, mauzo yakashuka, riba ikapanda, na mwezi wa Juni 2023 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba ilindwe na wadai wake. Vyombo vya nyumbani vikanunuliwa na kampuni ya tatu ya uwekezaji, Centre Lane Partners, ambayo tayari ilikuwa na kiwanda chengine cha vioo katika jimbo la Ohio. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba kazi ya Charleroi itahamishiwa huko Ohio. Mwaka 2025 kiwanda kikafungwa, na watu kama 300 wakarudi majumbani kwao.

Sasa angalieni jambo moja. Bakuli bado zinauzwa, na jina Pyrex lipo vile vile. Mama akenda dukani leo akaitaka ataipata. Kilichokufa ni kiwanda na mji uliokitegemea. Kwa hivyo tukiuliza "mnunuzi alinunua nini?" jawabu ni kwamba alinunua jina. Ule moto wa Charleroi kwake yeye ulikuwa ni gharama tu.

Khabari ya lile deni twapenda tuikalie kidogo, kwa sababu wazee wetu wa Pemba wanaielewa kuliko maprofesa. Nani katika sisi hakusimuliwa khabari za rehani na bei ya khiari? Mwenye shamba alikopa kwa ajili ya wachumaji na matumizi, akaweka mikarafuu yake, bei ya karafuu ikaanguka, akaamka siku moja shamba limehama. Madeni yalifika hadi serikali ya Kiingereza, ambayo haikuwa na haraka ya kumhurumia mtu, ikalazimika mwaka 1934 kutunga sheria za kuzuia mashamba yasizidi kupotea. Lakini katika rehani ya zamani, aghalabu aliyekopa ndiye aliyetumia fedha. Hii mpya ina ufundi zaidi. Fikirini kwamba anakuja mtu anataka kununua shamba lako, hana fedha za kutosha, anakwenda kukopa, na rehani anayoweka ni shamba lako lile lile. Akishalipata, deni haliandikwi kwa jina lake, linaandikwa kwa jina la shamba. Mikarafuu ndiyo itakayolipa. Ikilipa, faida ni yake. Isipolipa, linalofilisika ni shamba, yeye amekwisha kuchukua chake yuko mbali. Mzee mmoja tulipomweleza haya alisema, "Huyo si mnunuzi, huyo ni kupe." Hatukuongeza neno.

Lakini Marekani ni mbali. Tuvuke bahari yetu wenyewe twende kusini, Mtwara na Lindi, kwa ndugu zetu wenye mikorosho. Korosho kwao ni kama karafuu kwetu. Ndilo zao linalomsomesha mtoto na kumzika mzee.

Msimu wa 1973/74 Tanzania Bara ilivuna korosho tani 145,000. Aghalabu ya korosho hizo zilikwenda India zikiwa na maganda yake, zikabanguliwa huko. Serikali ikasema, na ilisema kweli, kwamba kazi ya kubangua ni kazi yetu. Ikakopa Benki ya Dunia na kwengineko, ikaleta mashine za Kitaliana na za Kijapani, ikajenga viwanda hata vikatimia 12: Dar es Salaam, Kibaha, Mtwara na Likombe, Lindi, Mtama, Nachingwea, Masasi, Newala na Tunduru. Uwezo wake vyote pamoja ulikuwa kama tani 113,000 kwa mwaka. Kubangua korosho si kazi ya mchezo, kwani ganda lake lina mafuta yanayounguza mkono, lakini ilikuwa kazi, na wanawake wengi wa kusini waliuona mshahara wa mwanzo katika maisha yao kwenye meza za viwanda vile.

Hapa hatuna budi kusema kweli, ijapokuwa kweli hii haimfurahishi kila mtu. Viwanda vile vilianza kuugua kabla ya mwekezaji yeyote kutia mguu. Katika miaka ile ile ya 1970 watu walihamishwa wakapelekwa katika vijiji vipya, mikorosho ikaachwa nyuma porini. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo, akaona bora alime muhogo. Yakaja maradhi ya ubwiriunga yakaunguza maua. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Mashine za kubangua tani laki na ushei zikakaa zinatazamana. Baadhi ya viwanda havikupata kuchemka sawasawa hata msimu mmoja.

Basi ilipokuja zama ya kuuza mali ya umma katika miaka ya 1990, kupitia ile Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, viwanda vya korosho vilikwenda sokoni vikiwa wagonjwa, na kitu kigonjwa hakina bei. Ahadi ya walionunua ilikuwa kufufua ubanguaji. Wako waliojaribu. Lakini wengine walitazama wakaona kwamba jengo kubwa, lenye sakafu ya saruji na bati zima, katikati ya nchi ya korosho, lina faida kubwa zaidi likiwa ghala kuliko likiwa kiwanda. Katika ghala unahitaji mlinzi, makuli na mizani, kazi imekwisha. Huna haja ya kuajiri wanawake mia tano, wala fundi wa boila, wala kugombana na umeme. Korosho zikaingia kwa mlango huu na maganda yake, zikatoka kwa mlango ule na maganda yake, zikapanda meli kwenda India na Vietnam. Jengo la kubangulia korosho likawa ndipo pahala pa kuzikusanya ili zikabanguliwe na wengine. Mnunuzi alinunua nini hapo? Alinunua kuta na bati.

Serikali ilipokuja kukagua viwanda 156 ilivyokuwa imevibinafsisha nchini, ilivikuta 56 vimefungwa kabisa, na 10 mali zake zimeuzwa kipande kipande. Vilivyokuwa vikifanya kazi vizuri ni 62. Mwezi wa Novemba 2018, ulipozuka mgogoro wa bei ya korosho, Rais Magufuli alisema Serikali itazinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja, akalitia jeshi kazini kuzibeba, na kiwanda cha Lindi kikakabidhiwa jeshi. Watu walishangilia sana. Sisi hatukatai kushangilia. Lakini twauliza, tokea kiwanda kuuzwa mpaka askari kuja, miaka ile yote, ni nani aliyekuwa na kazi ya kwenda Lindi kila msimu kutazama kama boila lina moto? Masharti yaliandikwa katika karatasi, karatasi ikatiwa katika kabati, kabati likafungwa. Yule binti aliyekuwa na miaka 25 alipotolewa kiwandani alikuwa ameshakuwa bibi.

Tena tusidhani kwamba mnunuzi akiwa mwema basi tumesalimika. Vukeni Ruvuma mwende Msumbiji. Huko viwanda vya korosho viliuzwa katikati ya miaka ya 1990, na waliovinunua wengi walikuwa wafanyabiashara wa nchi ile ile, waliotaka kubangua kwa kweli. Kabla hawajakaa sawa, Benki ya Dunia mwaka 1995 ikaiwekea Serikali ya Msumbiji sharti la kupunguza ushuru wa korosho zinazotoka na maganda. Ushuru ule ndio uliokuwa ukivilinda viwanda. Hoja ilikuwa kwamba mkulima atapata bei nzuri zaidi. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kimoja, na ilipofika mwaka 2001, katika wafanyakazi kama 11,000, 8,500 hawakuwa na kazi. Na mkulima? Wataalamu wa uchumi walikaa baadaye wakapiga hesabu ya alichozidishiwa. Wakaona kwamba kwa nyumba moja ya mkulima, kwa mwaka mzima, hakikuzidi dola 5 na senti 30. Kwa fedha hizo hupati hata kuku wa sikukuu.

Sasa turudi nyumbani, Wawi.

Kiwanda cha makonyo ni mali ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lile lile linalonunua karafuu zetu. Kwa vijana waliozoea kupita nje wakasikia harufu tu, kazi yake ni hii. Karafuu ikichumwa huja na kikonyo chake. Usiku, ndani ya nyumba zetu, mama na watoto hukaa kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande huu. Konyo kavu halina bei ya karafuu, ni jamaa yake maskini. Lakini likitiwa katika tangi na kupitishwa mvuke, hutoa mafuta, kama kilo tano au sita kwa kila kilo mia. Na mafuta haya yana ajabu yake, kwani mafuta ya nazi huelea juu ya maji, haya huzama. Yananunuliwa na wenye kutengeneza dawa za meno, sabuni na manukato. Katika kisiwa hiki ambacho kila kitu chake hutoka kikiwa kibichi au kikavu katika gunia, Wawi ni pahala ambapo kitu cha Pemba huingia kikiwa takataka na kutoka kikiwa bidhaa.

Hatukuja hapa kuzua khabari ya mnunuzi. Lakini wawekezaji wanaitwa kila siku, Micheweni limetengwa eneo kwa ajili yao, na sisi hatusemi wasije. Mtu akija na mtaji na ufundi, akatuonyesha namna ya kuyatia mafuta yetu katika chupa ndogo na kuyauza kwa bei ya chupa ndogo, tutampokea na kahawa na halua. Tunalosema ni kwamba siku atakayokuja mtu kukitaka kiwanda, chama chetu kitakuwa na maswali yake tayari. Karatasi ikishatiwa saini tutakuwa kama watu wa Lindi, tukingoja askari.

La kwanza tutakalouliza ni fedha ni za nani. Ikiwa ni za kukopa, deni litaandikwa kwa jina lake au kwa jina la kiwanda? Mkataba wenye kukitwisha kiwanda deni la kujinunulia wenyewe, sisi tutaupinga, na tutawaomba wawakilishi wetu waupinge katika Baraza. Na mkataba usomwe kwa Kiswahili, hapa hapa, mbele ya wenye mikarafuu, kabla ya kalamu kushikwa. Sio muhtasari, mkataba wenyewe.

La pili ni ardhi, na hapa sisi Wazanzibari tuna nguvu ambayo wengine hawanayo. Ardhi ya nchi hii tokea Mapinduzi ya 1964 ni mali ya Serikali, mtu hukodishwa. Basi iandikwe katika mkataba wa ardhi kwamba kiwanja kile kimetolewa kwa kuchemshia makonyo. Moto ukizimika msimu mzima bila ya sababu iliyokubaliwa, kiwanja kinarudi, bila ya kesi ya miaka ishirini. Akitaka ghala, akajenge ghala kwengine. Na atajwe kwa cheo mtu wa kwenda kutazama kila msimu, na anachokiona kibandikwe katika ofisi ya kila shehia.

Liko na letu sisi wenyewe, na hili tunalisema kwa kuona haya. Kiwanda cha korosho kilikufa kwanza kwa njaa, kisha ndipo kikauzwa. Na Wawi hula nini? Hula makonyo yetu. Kila usiku ambao ngalawa inaondoka na magunia kwenda Mombasa kwa magendo, tunakinyima kiwanda chakula chake. Twajua sababu. Bei ilikuwa mbaya miaka mingi, na anayeshindwa kulisha watoto wake hawezi kuhubiriwa uzalendo. Lakini mwaka 2011 Serikali iliipandisha bei ya karafuu sana, na magendo yakapungua kweli, ndipo tukajua kwamba dawa ya ngalawa ni bei kuliko bunduki. Vile vile wako wanaopeleka makonyo yaliyochanganywa na mchanga ili mizani ipande. Mchanga hautoi mafuta. Unatoa hesabu ya khasara, na hesabu ya khasara ndiyo barua ya kwanza ya kumwita mnunuzi wa kuta na bati.

Tumesema mengi na jua linakwenda. Tunalo ombi moja. Ikiwa yupo hapa aliyefanya kazi Wawi katika miaka ya mwanzo, mwanamme au mwanamke, tafadhali abaki nyuma baada ya mkutano. Tunataka kuandika namna kazi ilivyokuwa, watu wangapi walikuwa wakiingia zamu, makonyo yalikuwa yakitoka mashamba gani. Siku ya kuulizwa tutahitaji kitu cha kuonyesha mkononi.

Sasa ni zamu ya maswali. Yule mzee wetu wa mlangoni tunamuona, na tunamuomba aanze yeye.